Namna ya Kushindwa Vizuri Kwenye Mkutano wa Wazazi

Ukiitwa shuleni kujadili kama watoto warudi darasani na maradhi bado yapo, nenda. Nenda ukashindwe. Hujasoma vibaya. Mzazi anayejua kushindwa kwenye mkutano ule hurudi nyumbani akiwa amepata tangi la maji, madirisha yanayofunguka na mwalimu anayepokea simu yake. Anayeshinda hurudi na koo lililokauka.

Haya nimeyapata mwaka 2020 katika shule ya msingi ya umma hapa pwani ya Kenya, chini ya mwarobaini, viti vimeachana hatua mbili mbili. Mkutano wa kwanza nilishinda. Wa pili nilishindwa. Nitakueleza tofauti yake pamoja na njia za mkato nilizookota katikati, maana zamu yako haiko mbali. Mwaka 2024 yalikuja mafuriko, muhula wa pili ukaahirishwa mpaka tarehe 13 Mei, na hoja zikawa zile zile: mmoja anasema watoto wanapotea mitaani, mwingine anasema tunawapeleka kufa.

1. Beba tarehe mfukoni

Watu humwamini mwenye tarehe. Ziandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akasema mwaka ule wa masomo umepotea na watoto watarudi Januari. Halafu mambo yakageuka: tarehe 12 Oktoba wakaitwa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Waliobaki wakarudi tarehe 4 Januari 2021.

Ongeza za majirani, kwa sababu lazima atasimama mtu aseme, "Mbona Tanzania?" Tanzania ilifunga Machi 2020, ikawarudisha Kidato cha Sita na wanavyuo tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Burundi haikufunga. Uganda ilifunga Machi ile ile, ikafungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na milango yote haikufunguliwa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Kuna watoto waliofunga daftari wakiwa hawajajua kugawanya na wakalifungua sauti zimeshakuwa nzito.

Kila upande una jirani wa kumtolea mfano. Ukiwa na majirani wote kwenye karatasi moja, hakuna upande utakaokuhesabu kuwa wake, na wote watakuuliza wewe. Karatasi yenyewe itoe mara moja tu, mapema, mtu akikosea mwezi. Mrekebishe kwa upole, umwachie nafasi ya kusema hata yeye alikuwa anakumbuka hivyo. Baada ya hapo hata ukinyamaza utasikilizwa.

2. Uliza: "Wako yuko darasa la ngapi?"

Hili ndilo swali. Ukisahau mengine yote, shika hili.

Mkutanoni watu hawasemi linalowauma. Husema jambo kubwa la kufunika lile dogo linalowauma. Mama mmoja wa kwetu, muuza viazi karai, alisimama akasema watoto wanasahau kusoma, serikali ifungue hata kesho. Akashangiliwa. Nilipomfuata baadaye nikamuuliza wake yuko darasa la ngapi, aliniambia yuko la nane, msichana wa miaka kumi na minne, na kwamba kila siku saa kumi jioni yeye akiwasha jiko barabarani, mtoto hubaki peke yake kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mlango mmoja wa uani. Alisema hivyo akitazama chini, akifuta mikono yake iliyokuwa haina kitu. Yule mama hakuwa na ugomvi na maradhi. Alikuwa anatafuta mahali penye ukuta na mwalimu pa kumweka binti yake mpaka jioni.

Babu mmoja alisimama upande wa pili. Alisema serikali inafanya majaribio na watoto wetu, na kwamba watu wanaotaka shule zifunguliwe wana pesa wanazozila humo. Alizomewa kidogo. Wake walikuwa wajukuu watatu, mmoja Gredi ya Nne. Wote wanne wanalala chumba kimoja, na yeye ana kisukari. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ni rahisi: mtoto atarudi na kikohozi, atapona baada ya siku tatu, mimi nitakufa, nani atawalea?

Mwalimu aliyeketi pembeni bila kusema neno alikuwa na shinikizo la damu na miaka mitatu tu kabla ya kustaafu. Usimwone mwoga. Wiki chache baada ya shule kufunguliwa Oktoba, baadhi ya shule za sekondari mjini Mombasa zilifungwa tena kwa sababu walimu waliambukizwa, na mwalimu mkuu mmoja akafariki. KNUT, chama cha walimu, kilipiga kelele kuhusu jambo hilo chini ya Wilson Sossion, na wazazi wengi wakasema walimu hawataki kazi. Kazi walikuwa wanaitaka sana. Walitaka pia kuiona sikukuu ya Krismasi.

Na mwenye shule ya binafsi, huyo naye msikilize. Kule Mwea, Kirinyaga, mwenye shule mmoja aliingiza kuku madarasani na kupanda mboga uwanjani, maana bila karo hakuna mshahara wa mtu. Ukiona picha ya ubao bado una hesabu za Machi na chini yake kuku wanadonoa, hutamwambia tena mtu kwamba anafikiria pesa tu.

Kwa hiyo usijibu hoja kabla hujamjua mtoto aliye nyuma yake. Ukishamjua, ubishi wenyewe hupoa mkononi. Utajikuta unajibu kuhusu binti wa miaka kumi na minne na babu mwenye kisukari, na hao wawili hawana kesi kati yao. Wote wawili wanahitaji shule iliyo salama.

3. Ogopa makofi

Mkutano wa kwanza, mapema Oktoba, mimi nilikuwa upande wa kufungua. Nilikuwa na karatasi yangu. Nilisema watoto hawaugui sana, nikasema kila wiki nyumbani ni hasara, nikamtaja babu yule, si kwa jina lakini kwa kidole, nikasema hofu ya wazee isiwafunge vijana. Nilipigiwa makofi marefu. Babu alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akaondoka taratibu akipita nyuma ya mwarobaini ili asikatize mkutano.

Tarehe 12 Oktoba, wa Gredi ya Nne sabini na moja walitarajiwa. Walikuja sitini na tisa. Mmoja alikuwa amehamia bara na mama yake. Wa pili alikuwa mjukuu wa babu. Hakuja siku ile wala wiki ile. Muhula mzima ule wa Oktoba hadi Desemba mtoto yule hakuonekana, na kila nikipita kwao namwona kwenye baraza akichora vichwa vya watu mchangani kwa kijiti.

Nilikuwa nimeshinda, na mtoto mmoja akakosa shule kwa sababu ya ushindi wangu. Hoja yangu ilikuwa nzuri. Mjukuu alikuwa anasubiri babu yake aheshimiwe, na hilo sikuwa nimelipa hata dakika. Basi ukisikia makofi yanaanza, keti. Tazama nani hapigi.

4. Njoo na utepe wa kupimia

Ubishi ukipanda mpaka watu wameanza kusimama, toa utepe wa fundi mfukoni useme, "Twendeni tukapime darasa." Hakuna anayekataa kupima. Ncha moja mpe anayepiga kelele zaidi. Mtu aliyeshika ncha ya utepe hawezi kurusha mikono, na atakuwa wa kwanza kusoma namba kwa sauti.

Sisi tulipima Desemba, tukijiandaa na Januari, wakati shule nzima ingerudi. Darasa lilikuwa mita 8 kwa 6. Madawati ya watoto watatu watatu, bega kwa bega. Ukitoa mahali pa mwalimu na njia ya kupita, na ukimpa kila mtoto mita moja, wanaenea thelathini. Watoto ni sabini na moja. Waliotaka tufungue kama zamani walinyamaza. Kisha mama wa viazi karai akatoka nje, akatazama baraza, akasema hapa wanakaa kumi na wanane. Mtu akauliza waliobaki ni wangapi. Ishirini na watatu. Watu wote wakageuka kutazama mwarobaini. Na waliosema haiwezekani nao wakanyamaza.

Hatukubuni jambo geni. Wizara yenyewe ilipofungua Januari ilikazia barakoa na kunawa, maana kila mtu alijua kwamba madarasa ya Kenya hayana mita za kugawa. Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 1.9 za madawati yatengenezwe na mafundi wa mitaani. Madawati ni mazuri, lakini dawati halipanui ukuta. Mti upo, ni bure, na upepo uko chini yake. Tukaandika ratiba: kila darasa na siku yake ya mti, siku yake ya baraza, siku zake za ndani.

5. Gawa sifa kama pilau

Watu wanapenda sifa. Usiwalaumu. Zipange tu zifanye kazi.

Mwakilishi wa wadi anataka jina lake lionekane. Tangi la lita 5,000 lina ubavu mpana. Mwache aandike jina, na cheo, na mwaka. Jina la mtu kwenye tangi halichafui maji. Wazazi wawili kwetu walikasirika, wakasema ni kampeni. Niliwaomba wasubiri mpaka maji yatoke kwanza. Yalitoka, na jina lile mpaka leo watoto wanalitumia kujifunza herufi kubwa.

Mwenyekiti wa wazazi anataka wazo liwe lake. Basi mpe siku mbili kabla ya mkutano, mkiwa njiani, kwa maneno machache ambayo hajayamaliza. Ayamalize mwenyewe. Mkutanoni sema, "Kama mwenyekiti alivyogusia." Hata kama hakugusia, atagusia sasa.

Mwalimu mkuu usimuulize mambo ya maji mbele ya watu. Ana wakubwa wanaomtazama na hawezi kukiri hadharani kwamba bomba limekatwa kwa deni. Mfuate ofisini, funga mlango nusu, muulize ni kiasi gani. Kwetu ilikuwa pesa ambayo wazazi sitini waliichanga Jumamosi moja kwa simu.

Na wewe, kwa vile unataka kuonekana, jitolee kuandika kumbukumbu. Wote wataikimbia kazi hiyo na watakushukuru. Mwandishi ndiye anayeamua kama "tutaangalia" itabaki "tutaangalia" au itakuwa "imekubaliwa kufikia Ijumaa, mhusika fulani". Andika Ijumaa. Halafu, kabla watu hawajainuka, soma yote kwa sauti. Asiyekubali aseme pale pale. Ukiificha ukaitoa baadaye, utakuwa umewaibia, na watoto watalipa kwa mkutano mwingine wa ugomvi.

6. Ng'oa misumari

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi zaidi, na bado napaonea uchungu. Miezi ile yote tulifuta. Tulifuta madawati kwa dawa, tukafuta vitasa, tukanunua kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Na madirisha ya darasa yalikuwa yamepigiliwa mbao tangu wizi wa vitabu wa miaka ya nyuma. Virusi hivi husafiri zaidi kwa hewa tunayopumua pamoja. Chumba kilichofungwa kina hatari kuliko dawati lisilofutwa.

Fundi mmoja na nyundo moja, asubuhi moja, alifungua madirisha yote ya upande wa watoto wadogo. Akafunga nyavu za waya kuzuia wezi. Ilikuwa Desemba, kaskazi imeshaanza; lilipofunguka dirisha la pili, lile la mkabala, karatasi ziliruka mezani na vumbi la miaka likatoka mlangoni kama mtu aliyekuwa akisubiri kuruhusiwa. Kama una nguvu ya kudai kitu kimoja tu, dai hicho. Hakina sherehe na hakuna atakayetaka kuandika jina lake juu yake, kwa hiyo utapewa haraka.

7. Barakoa

Mbili kwa kila mtoto, za kitambaa. Watoto hubadilishana barakoa kama wanavyobadilishana maembe. Mwombe fundi cherehani atie uzi wa rangi tofauti pembeni, kila mtoto na rangi yake. Tosha.

8. Sasa shindwa

Usishindwe kwa kununa. Usishindwe kwa kusema "basi fanyeni mnavyotaka". Huko ni kutishia kwa sauti ya chini.

Nenda kwa mtu uliyemshinda. Nenda nyumbani kwake, jioni, ukiwa na barakoa, na usiingie ndani; keti barazani. Piga hodi, amkia shikamoo, subiri marahaba. Kunywa chai ukiletewa. Kisha taja kosa lako kwa ukubwa wake halisi, bila kuliongezea wala kulipunguza.

Nilimwambia babu: "Mzee, ile siku nilisema hofu yako isiwafunge vijana. Nilikosea. Hofu yako ina sababu, na sisi hatukuwa tumeweka maji, wala madirisha hayakuwa yakifunguka. Wewe ndiye uliyeona sawa." Alinyamaza muda mrefu. Mjukuu aliacha kuchora. Kisha akaniuliza kama madirisha yamefunguliwa kweli au ni maneno ya mkutano.

Nikamwambia aje aone. Akaja kesho yake, akayafungua mwenyewe moja moja na kuyafunga, akapanda kwenye baraza, akahesabu hatua kati ya alama za chaki. Akasema kibuyu chirizi cha langoni kimefungwa juu mno, mtoto wa Gredi ya Kwanza hawezi kukanyaga kamba na kufikia maji kwa wakati mmoja. Alikuwa sawa tena. Tukakishusha.

Ndipo nikaomba nilichokuja kuomba. Usiombe mapema kuliko hapo. Nilimwomba akae langoni asubuhi, nje, kwenye kiti chake, mbali na foleni, awe ndiye wa kuamua nani amenawa na nani hajanawa. Alitoa masharti yake: kiti kiwekwe upande upepo unakotoka, asisogelewe, na siku akiona watu wanazembea ataondoka na mjukuu wake bila kuaga. Niliyaandika kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Mkutano wa mwisho wa Desemba nilisimama mbele ya wazazi nikasema babu alikuwa sawa na mimi sikuwa sawa. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa viazi karai alisogeza kiti chake kidogo ili babu apate kivuli.

Tarehe 4 Januari niliwahi kufika. Foleni ilikuwa imetoka langoni mpaka barabarani, barakoa za kila rangi, viatu vingine vimeshakuwa vidogo kwa miezi tisa ya kukaa nyumbani. Babu yuko kwenye kiti, fimbo kati ya magoti, barakoa mpaka chini ya macho. Hakuwa akimwangalia mtu usoni. Alikuwa akiangalia mikono. Binti wa miaka kumi na minne alinawa akapita. Wakafuata wadogo. Kisha mjukuu wake akafika kwenye kibuyu, akakanyaga kamba, akasugua haraka haraka, akainua mikono inayochuruzika.

"Babu, nimemaliza."

"Bado," babu akasema. "Kumi na saba. Kumi na nane."